Msichana Aliyesomeshwa Ni wa Nani?

Katika sharika zetu twaombwa mara kwa mara tuzisaidie shule za Wamasai, hasa kwa ajili ya wasichana wao. Sadaka hutolewa, nasi twafurahi. Lakini liko swali lisiloulizwa mara nyingi: msichana akisomeshwa kwa mali ya mtu mwingine, yule aliyelipa amepata haki gani juu yake?

Kwanza tutazame haja yenyewe. Nchi ya Wamasai ni pana, na maboma yako mbalimbali. Mifugo hufuata malisho na maji, na watu hufuata mifugo. Kazi za msichana ni nyingi: kuteka maji, kuokota kuni, kukamua, kuwalea wadogo zake, na kumsaidia mama yake kujenga nyumba, maana kwa Wamasai nyumba hujengwa na wanawake. Shule ikiwa mbali, mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kubaki nyumbani. Tena akiposwa, ng'ombe za mahari zaonekana kwa macho, lakini faida ya daftari haionekani upesi.

Kwa sababu hiyo bweni ni kitu kikubwa. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilifungua shule ya sekondari ya wasichana wa Kimasai huko Monduli mwaka 1995, na rafiki wa mbali, hasa wa Marekani, wamesaidia kuwalipia wanafunzi. Ni kweli kwamba mwaka 2016 serikali ya Tanzania iliondoa ada katika shule zake za sekondari hata kidato cha nne. Hata hivyo sare, sabuni, chakula cha bweni na nauli ya kurudi nyumbani ni mzigo kwa mzazi ambaye ukame umemwulia mifugo. Haja ya msaada haijakwisha.

Sasa turudi kwenye swali letu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, lakini kwa mvulana umri uliowekwa ulikuwa miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba jambo hilo lapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Wengi wetu tulishangilia, tukasema: Msichana si mali. Vema. Lakini wazee wengi wa wafugaji hutujibu kwamba ng'ombe za mahari si bei ya mtu, bali ni kifungo cha nyumba mbili. Basi, sisi tunaowakemea kwa ajili ya ng'ombe, tuangalie tusije tukafanya neno lile lile kwa shilingi.

Maana mtoaji naye aweza kununua. Hutaka picha ya msichana. Hutaka barua za shukrani, tena zenye kuusimulia ubaya wa boma la baba yake, hata mtoto ajifunze kuwaaibisha waliomzaa ili apate kalamu. Humchagulia kazi atakayoifanya. Na akishindwa mtihani, au akirudi kwao na kuolewa na mchungaji wa ng'ombe, mtoaji hunung'unika kwamba fedha yake imepotea.

Mtu atasema: Je, nisiulize sadaka yangu imefanya nini? Uliza, ndugu. Waulize walioshika sanduku. Wakuonyeshe hesabu, senti kwa senti, kwa kuwa wao ni mawakili. Lakini maisha ya msichana hayaandikwi katika kitabu cha hesabu. Akirudi bomani, ataweza kusoma maandiko ya chupa ya dawa na hati ya mauzo ya ng'ombe, na hatadanganywa kwa urahisi. Na hata tusipoona faida hiyo, amechagua njia yake akijua kwamba ziko nyingine. Hilo ndilo tulilompa.

Tumkumbuke Msamaria katika mfano wa Bwana wetu. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kuongeza ikipungua, akaenda zake. Hatusomi kwamba alimwuliza yule majeruhi jina lake, wala kwamba alimfanya mtumishi wake. Wazee wetu nao walisema: Tenda wema wende zako.

Basi tukitoa, yafaa tuitolee shule nzima, wala tusimchague mmoja awe wetu. Tusikilize baba na mama kabla ya kuwahukumu. Barua ya shukrani ikija yenyewe, tuipokee kwa furaha, isipokuja, tusiidai. Msichana aliyefunguliwa katika kamba moja asifungwe kwa nyingine, hata kama kamba hiyo imesukwa kwa wema.