Ufa wa Nyumba na Wajibu wa Mji

Wahenga walituachia usia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usia huu ni wa kweli, walakini umenyamaza juu ya jambo moja. Haukusema itakuwaje kwa mtu aliyeuona ufa mapema, akataka kuuziba, akakosa chokaa. Mtu huyo si mvivu wala si mpumbavu. Ameshindwa na uwezo, na ufa hauzibwi kwa methali. Je, baraza la mji lina wajibu wa kumsaidia kutengeneza nyumba iliyo mali yake mwenyewe?

Wako wasemao kwamba halina, na hoja yao haifai kudharauliwa. Mali, wasema, ina faida na gharama. Alaye faida na avumilie gharama. Fedha ya baraza ni jasho la watu wote, na miongoni mwao wamo wasiomiliki hata jiwe moja. Je, ni insafu mpangaji wa chumba kimoja huko Ng'ambo achangie dari ya mwenye ghorofa tatu? Tena msaada huweza kumtunza mzembe: aliyetengeneza nyumba yake kwa kujinyima hapati kitu, na aliyeiacha ikaoza huletewa fundi.

Hoja hii ingetosha kama kila nyumba ingalisimama peke yake jangwani. Lakini na tuutazame Mji Mkongwe wa Unguja. Nyumba zake nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofa zimechukuliwa na boriti za mikoko. Zimesongamana, na baina yao mna vichochoro vyembamba wapitamo watoto waendao chuoni na wachuuzi wenye makapu. Adui mkubwa wa nyumba hizi ni maji. Paa likivuja, ukuta huyanywa maji; chokaa hulegea; ncha za boriti zilizomo ukutani huoza; na boriti zikikatika, ukuta hupoteza mshiko wake ukabetuka nje. Hapo ufa ni wa nani? Ulianza katika dari ya mtu mmoja, ukaishia juu ya kichwa cha mpita njia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 la enzi ya Sayyid Barghash, ilianguka katikati ya matengenezo, na watu wakafa. Ikiwa jengo lenye serikali nyuma yake laweza kuanguka, mjane mwenye nyumba ya urithi ataizuia kwa mkono gani?

Liko jambo la pili. Mji huo umekuwa na mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kubomoa, kuongeza ghorofa wala kubadili sura ya nyumba yake bila ya kibali. Katazo hilo lina hekima. Hata lipu ya saruji, ipatikanayo kwa wepesi, hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, na ukuta ukaoza huku uso wake unang'aa. Lakini mji uliokataza umekwisha kumwambia mtu kwamba nyumba yake si yake peke yake; ni pambo la wote, wageni huja kuitazama, na wengi hupata riziki kwayo. Basi ikiwa uzuri ni wa wote, mzigo utakuwaje wa mmoja? Hapa msaada si sadaka, ni deni. Aamuruye na achangie.

Walakini deni nalo lina kipimo. Uingereza, sheria ya mwaka 1949 iliziwezesha halmashauri kuchangia hadi nusu ya gharama ya kuiboresha nyumba ya mtu, na sehemu iliyobaki ikawa juu ya mwenyewe. Sheria ya mwaka 1989 ikaleta desturi ya kupima kwanza uwezo wa mwombaji. Naona busara katika yote mawili. Msaada ulio mzima humgeuza mwenye nyumba kuwa mgeni wa hisani ndani ya mlango wake. Msaada ulio nusu humwachia heshima na wajibu wake. Mwenye hoteli na akopeshwe, asipewe. Fukara na apewe zaidi. Warithi wasiosikizana na wapatane kwanza, maana fundi hawezi kutengeneza ugomvi. Na msaada uje mapema, wakati wa kuzibua mlizamu, si wakati wa kuokota mawe.

Mpangaji wa Ng'ambo bado anatungoja. Hatutamjibu kwa kumsifia uzuri wa milango ya Mji Mkongwe. Jibu lake ni kwamba kanuni iliyomfikia mwenye ghorofa imfikie naye: mtaro wake uchimbwe, bati lake litazamwe, na mwenye nyumba aliyesaidiwa azuiwe kupandisha kodi kwa kisingizio cha lipu mpya. Baraza lizibalo ufa upande mmoja na kufumba macho upande wa pili halikuziba ufa. Limeuhamisha kutoka katika ukuta na kuutia katika nyoyo za watu.