Maslaha au Dhulma?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, neno maslaha ni neno tukufu katika elimu ya dini yetu. Imamu Ghazali amelieleza katika kitabu chake Al-Mustasfa kuwa ni kuvilinda vitu vitano ambavyo sharia imekuja kuvihifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Leo neno hili limevuliwa nguo zake likavishwa nyingine. Huko Garissa, Wajir na Mandera, mtoto wa kike akiingiliwa kwa nguvu, wazee huweza kukaa chini ya mti wakakata idadi ya ngamia, baba akapokea, kesi ikafa, na jambo hilo likaitwa maslaha. Kwa Waturkana jina ni jingine, lakini mbuzi hulipwa vivyo hivyo. Kwetu pwani hatuna ngamia. Tuna bahasha, na tuna methali yetu ya kufunika kombe mwanaharamu apite.

Ingekuwa rahisi kwetu kuanza kwa kuwalaumu watu wa mbali. Lakini yaliyotufika sisi wenyewe yatuzuia.

Huenda msomaji akauliza Katilu ni wapi. Ni mji mdogo wa Turkana ya Kusini, kando ya mto Turkwel, ambako tangu miaka ya 1960 pana mashamba ya kumwagiliwa maji. Wengi wetu tukitajiwa Turkana hukumbuka Lodwar tu, kwa kuwa ndiko Waingereza walikomweka Jomo Kenyatta mwaka 1959 walipomtoa Lokitaung. Wala hatukumbuki kwamba wapagazi wa pwani yetu walifika ziwa la huko mwaka 1888 pamoja na msafara wa Count Teleki. Basi nchi ile si ngeni kwetu kama tunavyojidai. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata 2022, mifugo ilikufa kwa wingi, na jamaa wengi wakabaki mikono mitupu. Mmoja wa watoto wa Katilu, msichana wa miaka 14, akaletwa mjini kwetu kufanya kazi ya nyumbani. Alikuja kwa mdhamana wa watu wa nyumba ile, na kwa mdhamana wa mtaa mzima, kwa kuwa hakuwa na mwingine.

Yaliyompata katika nyumba hiyo hatutayaeleza. Kila mwenye akili amekwisha kuyafahamu. Mtoto alimwambia jirani, jirani akawaambia wazee, na wazee wakatuita sisi. Tukaenda. Tulikaa barazani siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, tukinywa kahawa na kuzungumza juu ya heshima ya nyumba. Hapana hata mmoja wetu aliyeuliza kama mtoto amepelekwa hospitali. Baadaye tabibu mmoja alitwambia kwamba dawa za kumkinga mtu na ukimwi hufaa zikianzwa kabla ya kupita saa 72. Saa hizo sisi ndio tuliozila.

Siku ya tano akafika baba yake kwa basi, mzee mrefu aliyekonda, mkononi ana fimbo na kigoda chake kidogo cha kulalia kichwa. Kiswahili chake kilikuwa kichache. Akahesabiwa thamani ya mbuzi 20 kwa bei ya soko, akatia kidole gumba katika karatasi, nasi tukainua mikono tukasoma Fatiha. Binti mwenyewe hakuitwa. Alikuwa uani, ameketi juu ya furushi lake.

Baada ya miezi michache, katika darsa letu la Bulughul Maram, tukafika kitabu cha hudud. Hadithi ya kwanza ya mlango ule, waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abu Hurayra na Zaid bin Khalid, ni ya mtu aliyekuwa na kijana wake akifanya kazi ya kuajiriwa kwa mtu mwingine, kijana akazini na mke wa tajiri wake. Baba akamkomboa mwanawe kwa kondoo 100 na mjakazi, watu wakaona jambo limekwisha. Shauri lilipofika kwa Mtume (S.A.W.), jambo la awali alilolihukumu ni kwamba wale kondoo na yule mjakazi warudishwe kwa mwenyewe, kisha hukumu ya Mwenyezi Mungu ikapita. Mwanafunzi mmoja, kijana mdogo, akauliza: "Shekhe, na wale mbuzi 20?"

Hatukuwa na jawabu. Hata sasa hatuna, isipokuwa hili tunaloliandika. Tazameni, ndugu zetu: wale wawili walikuwa wameridhiana, na juu ya hayo malipo yale yalibatilishwa. Itakuwaje kwa mtoto aliyelazimishwa, ambaye wanavyuoni wamekubaliana kuwa hana dhambi wala adhabu, tena malipo hakupewa yeye? Mtume (S.A.W.) ameruhusu suluhu baina ya Waislamu, akaitoa suluhu inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Ile yetu ilihalalisha haramu.

Wako watakaosema kwamba tumeamrishwa kusitiriana. Ni kweli. Lakini Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amebainisha kwamba sitara ni ya mtu asiyejulikana kwa maudhi na ufisadi. Ama mwenye kujulikana kwa hayo, afadhali apelekwe kwa wenye mamlaka, ili asipate ujasiri wa kurejea. Na nani atakayesitiriwa, aliyefanya au aliyefanyiwa? Wala asije mtu na hoja ya mashahidi 4. Hao ni wa kuthibitisha hadi ya zinaa. Si sharti la kumpeleka mtoto kwa tabibu, wala la kumwambia askari yaliyotokea.

Ama sheria ya nchi, katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, mtoto akiwa na miaka 11 au chini yake adhabu ni kifungo cha maisha, na akiwa wa miaka 12 hata 15 ni kifungo kisichopungua miaka 20. Kuyaondoa mashtaka ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye hawezi ila kwa idhini ya mahakama. Hata kadhi, kwa Katiba ya 2010, mamlaka yake yahusu ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, baina ya Waislamu. Basi sisi wa barazani tuliupata wapi uwezo ule?

Mtume wetu, kabla ya kupewa utume, alihudhuria katika nyumba ya Abdullahi bin Jud'an agano la Hilful Fudhul. Sababu yake alikuwa mgeni wa Zabid, katika Yemen, asiye na kabila Makka, aliyedhulumiwa bei ya bidhaa yake na mkubwa wa Kikureshi. Hata baada ya Uislamu alisema kwamba akiitwa katika agano mfano wa lile angeitikia. Aliyedhulumiwa hakuwa wa ukoo wake. Nasi tuliambiana barazani, twaona haya kuliandika, "huyu si wa kwetu."

Tumekwenda kituoni tukaandikisha tuliyoyaona na tuliyoyafanya. Fomu ya P3 ilijazwa kwa kuchelewa, na tabibu ameandika alichoweza kukiandika. Kesi bado, kwa hivyo hatutasema zaidi. Baadhi ya waliokuwa wakitusalimu hawatusalimu tena. Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, tuliwakusanya walewale waliokuwepo barazani, tukawaambia kwamba Fatiha ile tumeirudisha, na kwamba kuanzia sasa atakayekuja kutuita katika shauri la mtoto ataulizwa kwanza: yuko hospitali gani? Na asiyejua pa kuanzia, simu ya watoto ni 116, nayo haina malipo.

Wawili waliondoka kabla hatujamaliza. Mmoja alibaki, akatuuliza nauli ya kwenda Katilu ni kiasi gani.