Nani Anashika Pini ya Mama?



Likizo inakaribia, na kila mmoja wetu anajua kinachomngoja nyumbani. Hata chai hujaimaliza, simu zinaletwa. Ya mama imejaa, haipokei tena picha. Ya mjomba inaandika maneno ambayo hakuyaandika. Laptopu ambayo kaka aliinunua Kampala ikiwa imeshatumika imekuwa nzito, na mafaili ya kwenye flashi hayaonekani tena, yamebaki majina matupu yasiyofunguka. Wewe ndiwe uliyesoma, kwa hiyo unakaa mkekani unarekebisha mpaka adhana ya Magharibi.

Safari hii naomba tujiulize jambo moja kabla hatujapanda gari la kwenda Arua, Koboko au Yumbe. Tukipewa simu ya mzazi au ya mdogo wetu ili tumlinde na matapeli, tumepewa ruhusa ya kuona nini? Nauliza kwa sababu sisi tunaosoma tumekuwa wenye funguo wa nyumba zetu. Baba ana funguo za mlango, lakini pini ya pesa ya simu ya mama, nywila ya kompyuta na tarakimu za kufungulia WhatsApp ya bibi ziko kichwani mwa mtoto wa miaka ishirini anayelala hosteli.

Ufundi wenyewe nitaupita haraka, kwa kuwa si mgumu. Pini haitajwi kwa mtu anayepiga simu na kujiita mfanyakazi wa kampuni, maana kampuni haina haja ya kumwuliza mteja pini yake. Ujumbe wa "nimekutumia pesa kwa makosa, nirudishie" haujibiwi kabla ya kuangalia salio. Matapeli huandika ujumbe unaofanana kabisa na ule wa kampuni, ila umetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, na ukiangalia salio hakijaongezeka kitu. Hata kama kweli mtu amekosea, na aende kwa kampuni yake. Tarakimu sita za WhatsApp zinazoletwa kwa ujumbe mfupi hapewi mtu, kwani atakayezipata anaweza kuihamishia akaunti kwenye simu yake na kuanza kuwaomba jamaa zako pesa kwa jina lako. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Flashi iliyotoka duka la kuchapa ichunguzwe kabla ya kufunguliwa. Picha na vyeti viwe na nakala mahali pengine. Kompyuta isasishwe, hata kama bando ni ghali, na mwenye Windows 10 ajue kwamba Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama watu sita wanatumia kompyuta moja, kila mmoja afunguliwe akaunti yake na nywila yake, kama vile kila mmoja anavyokuwa na mlango wake ndani ya ua mmoja.

Hayo mtu anajifunza kwa alasiri moja. Tatizo letu liko katika namna tunavyoyafanya.

Chukua habari ya VPN. Kuanzia Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kutumia mitandao ya kijamii, na watu wakajifunza kuikwepa kodi ile kwa VPN. Halafu ukaja uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021. Siku mbili kabla yake Facebook ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Intaneti iliporudi, Facebook haikurudi nayo, ikabaki imefungwa mwaka baada ya mwaka. Sisi ndio tuliokwenda nyumbani tukaweka VPN za bure katika simu za wazazi ili waone picha za harusi za jamaa walioko Juba na Khartoum. Tukamwonyesha mama: bonyeza hapa, subiri alama ya ufunguo itokee juu, basi.

Sasa, kazi ya VPN ni kuyapitisha mawasiliano yako kwanza kwenye mashine ya mtu mwingine. Mwenye mashine anaweza kuona unakokwenda. Wapo waaminifu, na wapo wanaoishi kwa kuuza wanachokiona. La sivyo, mtu angekupa huduma ile bure kwa ajili gani? Tumemweka mgeni mlangoni kwa mama, na mama hakuambiwa kwamba kuna mgeni. Sisemi kuweka VPN ni haramu. Nasema ilikuwa haki yake kuambiwa, aamue mwenyewe kama picha za harusi zinatosha kumfanya amvumilie mtu asiyemjua mlangoni pake. Tulimkata katika shauri hilo kwa kudhani hataelewa. Mwanamke anayevuka mpaka wa Oraba na bidhaa zake, akibadilisha fedha za nchi tatu kichwani bila kalamu, atashindwa kuelewa habari ya mgeni mlangoni?

Huo ni upande mwepesi wa swali. Upande mzito niliufahamu muhula uliopita, kwa mwenzangu wa hosteli ambaye kwao ni Koboko. Alikuja kuniomba msaada. Mdogo wake, msichana wa miaka kumi na saba aliyeko senior ya tatu, alikuwa akiandikiana na mwanamume mwenye namba ya nchi ya nje aliyemwahidi kazi ya nyumbani huko Ghuba. Mwenzangu alitaka nimwelekeze jinsi ya kuiunganisha WhatsApp ya msichana na laptopu yake. Jambo lenyewe ni dogo sana. Unaishika simu yake chini ya dakika moja, unafungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, unaipitisha kamera mbele ya alama iliyo kwenye kioo cha kompyuta, umemaliza. Tangu hapo kila anachoandikiwa kinafika hosteli. Asipofungua orodha ile mwenyewe huenda asijue.

"Ndugu yangu," aliniambia, "mimi ni kaka yake na baba hayupo. Tumeamrishwa kujilinda sisi na ahali zetu." Alikuwa anaelekeza kwenye aya ya 6 ya Sura at-Tahrim, na hakukosea kuitaja.

Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Wasichana wengi wa Uganda wamekwenda Saudia, Oman na Falme za Kiarabu kufanya kazi za ndani. Wapo waliopitia kampuni zenye leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na wapo waliopitia mtu ambaye hana chochote zaidi ya namba ya simu. Wapo walionyang'anywa pasipoti huko. Mtu akiniambia kwamba faragha ya msichana ni kitu kizito kuliko uhai wake, sitakubaliana naye. Kwa hiyo sikumjibu mwenzangu kwa wepesi, na ninaomba msomaji naye asimjibu kwa wepesi.

Nilimwambia kwanza jambo la kawaida, lisilohitaji aya. Aliyewahi kupelelezwa akagundua, hujifunza kuficha. Atanunua laini ya pili, atafuta ujumbe kabla hajafika nyumbani, atatumia simu ya rafiki yake. Na tapeli anapenda hivyo hasa, kwa sababu silaha yake kubwa ni aibu: usimwambie mtu, hili ni letu wawili. Nyumba ambayo binti anaogopa kuonyesha simu yake imekwisha kumfanyia tapeli nusu ya kazi.

Akanijibu: na kama hatagundua?

Ni swali zuri, kwa maana linaiondoa ile hoja ya faida. Tuseme hatagundua kamwe, na upelelezi unafanikiwa. Je, ni halali?

Aya ya 12 ya Sura al-Hujurat inakataza kupelelezana, na mwenzangu alisema hiyo ni kwa watu wa mbali, si kaka na dada. Lakini tazameni aya ya 58 ya Sura an-Nur. Inazungumza na watu wa nyumba moja: watumwa na watoto ambao hawajabaleghe, wale wanaoingia na kutoka mchana kutwa bila kubisha hodi. Hata hao wameamrishwa waombe ruhusa katika nyakati tatu, kabla ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri na baada ya Isha. Kama ukaribu ungekuwa unaondoa haja ya idhini, aya hiyo isingekuwa na kazi. Mimi naisoma hivi: ndani ya nyumba ileile, kwa watu wanaopendana, kuna saa ambazo mtu ni wa kwake mwenyewe. Simu ya siku hizi imejaa saa hizo.

Na kuna kile kisa kinachosimuliwa cha Umar bin al-Khattab, Allah awe radhi naye. Alikuwa akizunguka mji usiku, akasikia sauti nyumbani kwa mtu, akaparamia ukuta na kumkuta mwenye nyumba katika maasi. Yule mtu akamjibu kwamba yeye alikuwa ametenda kosa moja, lakini Amiri wa Waumini ametenda matatu: amepeleleza, ameingia kwa kupitia ukutani badala ya mlangoni, na ameingia bila idhini wala salamu. Umar akamwacha. Msomaji akumbuke kwamba Umar hakuwa mpita njia. Alikuwa mchungaji mwenye jukumu la mji mzima, na shaka yake ilikuwa sahihi. Bado hoja ya yule mlevi ilisimama.

Hapa ndipo nilipofika mimi, na sioni pa kukwepea. Jukumu la kumlinda mtu linakupa kazi ya kufanya, halikupi umiliki wa siri zake. Tapeli anayetaka kuingia katika simu ya yule msichana na kaka anayetaka kuingia humo wanatumia mlango mmoja, na wote wawili wanasema wanamtakia heri. Atawatofautisha kwa nini, kama si kwa kuwa mmoja alibisha hodi? Kaka akimzoesha kwamba anayekupenda huingia kimyakimya, amemzoesha pia yule wa namba ya nje.

Mtoto mdogo ni jambo jingine. Wa miaka tisa anayecheza na simu ya baba yake anasimamiwa, na asimamiwe kwa macho makavu. Tofauti ni kwamba anajua anasimamiwa. Mzazi amesema waziwazi: simu hii ni yangu, nitaiangalia kila jioni. Kadiri mtoto anavyokua, kamba inalegezwa, na kila inapolegezwa anaambiwa. Kuhusu mume na mke sitaingia leo. Masheikh wetu wana kazi, nawaachia.

Sheria ya nchi nayo inaelekea upande huohuo. Ibara ya 27 ya Katiba ya mwaka 1995 inalinda faragha ya nyumba na ya mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inafanya kuwa kosa kuingia katika data ya mtu bila idhini. Naitaja tu ili asiwepo atakayesema ni mambo ya madrasa peke yake.

Mwenzangu hakufurahi. Alimpigia dada yake simu usiku uleule, wakagombana, simu ikakatwa. Baada ya siku tatu msichana alimtumia mwenyewe jina la kampuni aliyotajiwa. Walilitafuta katika orodha ya Wizara ya wenye leseni, halikuwemo. Hilo halithibitishi hoja yangu, kwani angeweza pia kunyamaza, na hapo mwenzangu angelazimika kupanda gari kupitia Maracha hadi Koboko, akae mbele yake, na pengine amlete mama na mashangazi. Hiyo ndiyo kazi ninayoisema. Ni ndefu kuliko dakika moja ya kamera, na nauli yake anailipa mlinzi.

Nabaki na jambo moja ambalo sijalimaliza, nalo linatuhusu wengi. Bibi yangu wa Oli, hapa Arua, hasomi. Pesa anazotumiwa na wanawe huingia katika simu yake, na ni lazima mtu amsomee. Kwake siwezi kusema mfundishe kisha umrudishie ufunguo. Mkono wake hauwezi kuufungua mlango huo. Tulichokubaliana ni hiki: simu haifunguliwi akiwa hayupo, kiasi kinatajwa kwa sauti kabla ya kubonyeza na baada yake, salio haliangaliwi kwa sababu tu mimi nataka kujua, na anayeshika pini ni mmoja, aliyechaguliwa na yeye. Alimchagua binamu yangu wa kike, hakunichagua mimi niliyesomea kompyuta. Sikumwuliza sababu.

Lakini binamu akifungua kutafuta ujumbe wa pesa, ujumbe mwingine nao huonekana hapohapo juu ya kioo: shangazi aliyegombana na mumewe, mjomba anayeomba mkopo kwa siri. Macho yameshasoma kabla hujayazuia. Bibi anamtazama usoni, anamwuliza, "Umeona nini?" Binamu anasema hajui ajibu vipi, na mimi pia sijampa jibu.