Nani Atajibu Juu ya Vumbi la Angani?



Leo tuchunguze ulizo moja linaloonekana ni la wenye elimu tu, kumbe ni la kila mwenye dhamiri: kitu kikiisha kuungua, je, kimekwisha? Mama akichoma takataka nyuma ya nyumba, lupango lake linabaki safi. Lakini moshi umeingia kwa jirani.

Mnazijua satelite, mashini zinazozunguka dunia juu sana na kutuletea picha za televizio na habari za mvua. Hazidumu. Zile za Starlink, zilizoanza kurushwa mwaka 2019, zimepangwa kufanya kazi miaka 5 hivi, kisha zinashushwa kwa kusudi. Zinaingia katika hewa kwa mwendo wa kilometa zaidi ya 7 kwa kila sekunde, zinashika moto na kuyeyuka. Mtu akiona ule mstari wa nuru usiku anafikiri ni ishara. Si ishara, ndugu. Ni alumini inayoungua, ileile ya sufuria zetu.

Mwaka 2023 wataalamu wa Marekani walipima hewa ya juu kwa ndege ya NASA iliyotoka Alaska. Kati ya chembe kubwa za asidi ya salfa zilizo kule, karibu 10 katika kila 100 zilikuwa na alumini na metali nyingine za satelite na roketi zilizoungua. Mwaka 2024 wengine wakahesabu kwamba satelite moja ya kilo 250 inaweza kuacha kilo 30 hivi za vumbi la oksidi ya alumini, na kwamba vumbi hilo linaweza kuchukua hata miaka 30 kushuka mpaka penye ozoni, ile inayotukinga na mionzi mibaya ya jua. Huko linaweza kuisaidia klorini kuila ozoni. Ukubwa wa hasara ungali unachunguzwa.

Sasa angalieni ulizo linapokuwa gumu. Wanaozichoma hawafanyi kwa ubaya. Satelite iliyokufa ikiachwa juu, inaweza kugonga nyingine. Ndiyo sababu mwaka 2022 Marekani iliagiza satelite za chini zishushwe kabla ya miaka 5 tangu kumaliza kazi. Ikianguka nzima, inaweza kuua mtu; kwa hiyo wanaitengeneza iungue kabisa. Amri zote mbili ni njema. Lakini matunda yake ni kwamba uchafu umehamishwa mahali pasipo na mtu wa kulalamika.

Mwaka 1978 satelite ya Wasovyeti, Kosmos 954, iliyobeba mtambo wa nyuklea, ilianguka kaskazini mwa Kanada. Vipande vile vilikuwa na mwenyewe. Mapatano ya mwaka 1972 yalikwisha kusema kwamba nchi inayorusha chombo italipa hasara ya duniani. Kanada ikadai, na mwaka 1981 Wasovyeti wakakubali kulipa dola milioni 3 za Kanada. Lakini vumbi? Halina jina wala bendera. La kampuni hii limechanganyika na la serikali ile, na hakuna wa kupelekwa mbele ya hakimu.

Katika Kutoka sura ya 22 kuna amri juu ya moto ulioshika miiba ukala nafaka ya mtu mwingine. Sisi tunaochoma mashamba wakati wa kiangazi tunaielewa vizuri. Musa haulizi kama mtu alikusudia, wala kama alikuwa na sababu nzuri ya kuwasha. Anauliza nani aliwasha. Mimi naona amri hiyo yatosha kwa anga pia. Kila anayerusha anajua idadi na uzito wa vyombo vyake. Hesabu iandikwe, na kila mmoja abebe sehemu yake.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tunatafuta unga. Lakini mwaka 2025 serikali yetu iliipa Starlink ruhusa, na mahali pasipo na antena ya simu ni msaada mkubwa. Anayekula nyama ya mwindaji hawezi kusema hakuona pori likiungua.

Wengine watasema tungoje hasara ionekane kwanza. Mwaka 1974 Molina na Rowland walionya kwamba gesi za friji zinakula ozoni. Mapatano ya Montreal yalitiwa sahihi mwaka 1987, miaka 13 baadaye, tundu limekwisha kuonekana juu ya Antaktika. Gesi zile zimepunguzwa sana, lakini tundu lingali linafunguka kila mwaka. Na vumbi la satelite inayoungua leo linaweza kufika penye ozoni wakati watoto tunaowabeba mgongoni wamekuwa baba na mama.

Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamejaribu njia nyingine. Desemba 2024 satelite yao ndogo ya mbao, LignoSat, iliachiliwa angani. Ilikuwa na upana wa sentimeta 10 tu. Mbao zikiungua haziachi vumbi la alumini. Na maseremala wetu watapenda kusikia kwamba mbao zile ziliunganishwa bila skrubu wala gundi.