Bendi Haiishi kwa Kusikilizwa Mara Moja

Bendi nzuri haimpi msikilizaji kila kitu siku moja. Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi cha Iringa iliyovuma miaka ya 1980, ni ya aina hiyo. Anayeisikia redioni mara ya kwanza, awe Iringa au Mbeya, hushika sauti za mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na kiitikio, basi. Miaka hupita kabla sikio halijagundua gitaa la rithim likijibizana na solo, na besi iliyowabeba wote (wapiga besi husifiwa mwisho daima). Baadaye kabisa hufika maneno ya sehemu ya polepole, ambayo kijana huyavumilia tu akisubiri chemko, sehemu ya kasi ya wimbo.