Macho ya Tony Romo

Wanangu, nawasikia mkizitaja fedha za Tony Romo. Mwaka 2020 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba televisheni ya CBS ingemlipa kama dola milioni 17 kwa mwaka ili achambue mechi za futiboli ya Kimarekani. Sitawaambia msizitamani. Ila tazameni zilikochimbwa.

Mwaka 2003 timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, zilichagua vijana wa vyuoni kwa raundi saba, na hakuna iliyomtaja kijana huyu wa Burlington, Wisconsin. Dallas Cowboys wakamsajili baadaye, kujazia kikosi. Misimu mitatu hakurusha hata pasi moja katika mechi ya ligi. Kazi aliyopewa uwanjani ilikuwa kushika mpira chini ili mwenzake aupige. Lakini huku nyuma alikuwa anajifunza kazi ya kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi: kabla mpira haujachezwa, unawasoma walinzi kumi na mmoja, nani anasogea, nani anajifanya anasogea, na unabadilisha mpango kwa kupaza sauti sekunde chache kabla ya kuvamiwa. Hapo ndipo utajiri wake ulipoanza, naamini hivyo kabisa, wakati hakuna aliyemjua.

Oktoba 2006 akapewa kuiongoza timu kama kwotabeki. Januari iliyofuata, kule Seattle, Dallas wakiwa nyuma kwa pointi moja, mpira ulimponyoka akiushika kwa ajili ya mpigaji, na msimu ukaishia hapo. Nchi nzima iliona. Msimu uliofuata timu yake ilishinda mechi 13 kati ya 16.

Sasa sikilizeni habari ya mkataba, maana hapa vijana wengi huumia. Mwaka 2013 alitia saini nyongeza ya miaka sita, dola milioni 108. Ndiyo namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Zilizokuwa na uhakika ni milioni 55. Nyingine zilitegemea kama klabu ingeendelea kumtaka. Ukiletewa karatasi, mwanangu, tafuta kwanza ile namba ya pili. Kama huioni, uliza, na usione haya kumlipa mwanasheria akusomee. Mwili wa Romo ulianza kukataa kabla miaka hiyo sita haijaisha: mwaka 2015 mtulinga ulivunjika mara mbili, na Agosti 2016 ikapasuka pingili ya mgongo.

Nafasi yake ikashikwa na Dak Prescott, kijana mgeni kabisa, na timu ikawa inashinda. Novemba Romo akasimama mbele ya waandishi, akasoma maneno yake mwenyewe, akakiri kwamba Prescott ameistahili nafasi ile. Mnaojua uchungu wa kuachia kiti mnaelewa lile lilimgharimu nini.

Aprili 2017 alistaafu, na CBS wakamweka moja kwa moja kwenye meza yao kuu, kando ya mtangazaji Jim Nantz. Januari 2019, timu ya Patriots ilipocheza na ile ya Chiefs, alikuwa akiwaambia watazamaji mpira utaelekea wapi kabla haujachezwa, na mara nyingi ukaelekea hukohuko. Mgongo ulikuwa umevunjika. Macho aliyoyanoa benchi yalikuwa mazima, na ndiyo CBS waliyoyanunua. Na kabla ya hapo, mwaka wake wa kwanza wa utangazaji, alirudi Dallas na kipaza sauti, akaichambua mechi ya Prescott kwa haki.