Haki ya Mnyama Afugwaye na Hukumu ya Mbwa wa Lindo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Shukrani zote ni zake Yeye aliyeumba kila kitambaacho na kila kirukacho, akakikadiria riziki yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, wala si kwa wanaadamu peke yao.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wa pwani wanaohamia huku Kakamega kwa biashara, kwa ualimu na kwa kazi za serikali hutuuliza mara kwa mara: Je, yafaa Muislamu kuweka mbwa nyumbani kwake? Wengine hawaulizi, kwani wao wamekwisha kuhukumu. Huingia katika boma la ndugu yao Muislamu wa Kiluhya, wakamwona mbwa amelala penye zizi la ng'ombe, basi wakakataa kula chakula chake. Na warudipo Mombasa au Lamu wakasema kuwa Uislamu wa bara una kasoro. Maneno haya ni mazito. Yamekata udugu wa watu wanaosimama safu moja na kuelekea kibla kimoja. Kwa hiyo imetupasa kulieleza jambo hili kwa dalili, ili asemaye aseme kwa ilimu, na anyamazaye anyamaze kwa ilimu.

Asili ya jambo lote ni hii: mnyama ni amana. Katika Sura ya Al-An'am Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi. Na Mtume (s.a.w.) ametueleza khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia atoke ajitafutie. Akatueleza vile vile khabari ya mtu aliyemwona mbwa akilamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha; Mwenyezi Mungu akamshukuru, akamsamehe madhambi yake. Tazameni, enyi ndugu. Paka, ambaye sote twampenda, alimtia mtu Motoni; na mbwa, ambaye sote twamkimbia, alimpatia mtu maghufira. Hukumu haikufuata mapenzi yetu, bali ilifuata alivyotendewa yule kiumbe.

Tuanze na paka. Yeye ni tahiri, na mabaki ya maji aliyokunywa hayaharibu udhu, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amemhesabu miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani mwetu. Watu wa pwani wayajua haya, na paka wamejaa katika vichochoro vya miji yetu. Walakini kumpenda paka azaapo ni jambo jingine. Wako watu wanaokula na paka sinia moja, kisha paka huyo akizaa, watoto wake hutiwa katika kapu wakaenda kutupwa sokoni penye samaki, macho yao bado hayajafumbuka. Mtu huyu hajui kuwa amemfunga paka mlango wa riziki kama alivyomfunga mwanamke yule?

Ama ndege, kumfuga kunafaa. Dalili ni khabari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na kijindege cha kuchezea, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza, bali alikuwa akimtania kwacho. Lakini kufaa huku kuna sharti, nalo ni kulishwa, kunyweshwa na kutoadhibiwa. Na hapa tuna neno juu ya kasuku wa kijivu, ambaye wengi wa watu wa pwani humtaka awe ndani ya kizimba barazani, asalimie wageni. Msitu wa Kakamega ndio pahali pekee katika Kenya ambapo ndege huyu bado huonekana porini, nao waliosalia ni wachache mno. Wengi wa wanaokamatwa hufa njiani kabla ya kufika kwa mnunuzi. Mwaka 2016 mataifa yalipatana kuikataza biashara ya kasuku hawa wa porini baina ya nchi na nchi, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka mnyama wa mwitu pasi na kibali. Basi anunuaye kasuku aliyeibwa mtini hakununua pambo, amenunua vifo vya wenziwe.

Sasa tuje kwa mbwa, ambaye ndiye suala. Hapana shaka kuwa Mtume (s.a.w.) amekemea kuweka mbwa bila ya haja. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa awekaye mbwa hupungukiwa na thawabu zake kila siku kwa kiasi cha kirati, na katika mapokezi mengine kirati mbili, ila akiwa ni mbwa wa kuwinda, au wa mifugo, au wa shamba. Katika mapokezi ya Muslim, Ibn Umar alipoambiwa kuwa Abu Hurayra amelitaja shamba pia, alisema kuwa Abu Hurayra alikuwa na shamba. Wanavyuoni wamebainisha kuwa neno hilo si la kumtilia shaka; maana yake ni kuwa mwenye haja na jambo hulihifadhi kuliko asiye na haja nalo. Nasi twasema: mtu wa Kakamega amelihifadhi kuliko mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye mahindi pambizoni mwa msitu huu hushukiwa na nyani na kima, wakamaliza kwa asubuhi moja kazi ya miezi. Mwenye ng'ombe wawili huamka akakuta kamba imekatwa. Huyu hakuweka mbwa kwa anasa, ameweka kile kile alichokivua Mtume (s.a.w.) katika makatazo.

Na kulinda nyumba je? Imamu Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi, ametaja kauli mbili, akasema iliyo sahihi zaidi ni kuwa yafaa, kwa kukisia juu ya yale matatu, kwani sababu ya ruhusa ni haja. Basi haja ndiyo mizani. Mwenye kukaa ghorofani mjini, mlango wa chuma na bawabu chini, akaleta mbwa wa Kijerumani ili apigwe naye picha na majirani wamwogope, huyo hana haja. Na mwenye boma lisilo na ukuta, gizani, mbali na barabara, anayo.

Ama unajisi wake, kauli ya Mashafi ni maarufu, na kila mtoto aliyesoma Abu Shujaa aijua: wanyama wote walio hai ni tahiri ila mbwa na nguruwe na kizazi chao. Chombo alichotia ulimi huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wamemwona mbwa kuwa tahiri, na Mahanafi wakaufanya unajisi kuwa wa mate na si wa mwili; kwa hiyo tusimkufurishe mtu katika jambo walilohitalifiana maimamu. Lakini hata kwa Mashafi wenyewe, kikavu hakimnajisi kikavu. Mbwa mkavu akipita karibu na kanzu kavu, kanzu haikuharibika, wala chakula kilicho jikoni hakikuharibika kwa kuwa uani kuna mbwa. Aliyekikataa chakula cha nduguye kwa hilo hakufuata madhehebu. Amefuata karaha ya nafsi yake akaivisha kilemba cha dini.

Na unajisi si uadui. Hili ndilo watu wengi wamelichanganya. Sheria imetuamuru kuosha chombo, haikutuamuru kumpiga mbwa mawe. Mafakihi wetu wamesema: mtu akiwa na maji kidogo, na mnyama mwenye kuheshimiwa ana kiu, basi yule mtu ataacha udhu, atatayamamu, na maji atapewa mnyama, na mbwa mwenye manufaa ameingia katika hao wenye kuheshimiwa. Subhanallah! Maji ya udhu yameachiwa mbwa, nasi twawaona watoto wetu wakitoka chuoni, juzuu kwapani, wakimfuata mbwa kilema kwa mawe mpaka mwisho wa mtaa, na wazee wamekaa barazani wanacheka.

Basi aliye na haja ya kweli na achague vizuri. Kwanza asahihishe nia: mbwa huyu ni wa kazi gani? Pili, asitake mkubwa asiyeweza kumlisha. Mbwa wa kigeni mwenye mwili mkubwa hutaka chakula kingi, na mwenye nyumba akishindwa humwacha na njaa akawa mwizi wa kuku wa jirani. Mbwa wa kienyeji wa huku amezoea hali ya nchi, hula kidogo, na sikio lake ni jepesi. Tatu, amtazame mama yake: mama mtulivu na mwangalifu aghalabu huzaa wa mfano wake. Asimtwae mtoto kabla ya kutimiza miezi miwili, na amchague mwenye macho maangavu, amjiaye mtu bila ya hofu wala ukali. Nne, amwombe kwa jirani kama hiba, kwa kuwa Mashafi hawasahihishi biashara ya mbwa, kwa sababu Mtume (s.a.w.) ameikataza thamani yake, ijapokuwa Mahanafi wameiruhusu kwa mbwa mwenye manufaa.

Akisha kumpata, pahali pake ni nje. Mbwa wa Watu wa Pangoni, aliyetajwa katika Sura ya Al-Kahf, alikunjua miguu yake kizingitini. Alilinda, na hakupewa nafasi ya waliolala. Tena imepokewa kuwa Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Ajengewe kibanda chake, na sakafu iinuliwe, maana mvua ya Kakamega hunyesha karibu mwaka mzima, na mnyama alalaye topeni huugua. Awe na chombo chake asichochanganyiwa na vya watu. Apewe maji safi asubuhi na jioni. Asifungwe mnyororo mfupi mchana kutwa, kwani kifungo hicho humfanya mkali akamrukia hata mtoto wa nyumbani. Na akizeeka asiyeweza kubweka, asifukuzwe. Amekula chumvi yako kwa kazi, na wewe umelala kwa macho yake.

Liko jambo moja ambalo asiyelitimiza hana ruhusa ya kuweka mbwa, hata akiwa na shamba la ekari mia: ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa katika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na mpaka leo unaua. Duniani huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wa Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa; na katika kila watu kumi wafao, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Ukisha kudhihiri kwa mtu, hakuna dawa. Lakini kuuzuia ni kwepesi. Mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo akiwa wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mpango wa serikali uliotolewa mwaka 2014 unakusudia kuvikomesha vifo hivi ifikapo mwaka 2030 kwa kuchanja mbwa saba katika kila kumi. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akadungwe sindano, na azikamilishe zote. Asingoje hirizi, wala asitie majani, wala asiseme jeraha ni dogo. Mtume (s.a.w.) ametukataza kudhuru na kudhuriana, na mbwa asiyechanjwa ni madhara yaliyoachwa wazi njiani.

Kule Lamu, ambako punda ndiye mchukuzi wa mji, wageni kutoka Uingereza walifungua zahanati ya punda mwaka 1987. Punda ni wetu, mji ni wetu, na hadithi za kumhurumia mnyama twazisoma sisi misikitini. Je, haikutupasa sisi kuwa wa kwanza?

Enyi ndugu zetu wa pwani, mwingiapo katika boma la Muislamu wa Kakamega au Mumias, kumbukeni kuwa Uislamu ulifika huku kwa miguu ya wazee wenu waliopita na misafara yao, wakapokewa, wakalishwa, wakapewa pahali pa kusali. Msiibomoe kwa karaha nyumba waliyoijenga kwa tabia njema. Nanyi ndugu zetu wa huku, msiifanye ruhusa kuwa pazia. Mwenye mbwa kwa haja na amtimizie haki yake. Asiye na haja na aogope kirati zake.

Na sote tujiulize usiku wa leo, kabla ya kulala: aliyefungwa uani amekunywa maji?

Mwenyezi Mungu atujaalie katika wenye kurehemu walio ardhini, ili tupate kurehemewa na aliye mbinguni. Amin.